Je, wajua kwa nini tarehe ya Kihindu huweza kurukwa?

Anayefungua panchanga, yaani kalenda ya jadi ya Wahindu, huweza kukuta Jumatatu imeandikwa tarehe nne na Jumanne inayoifuata ikaandikwa tarehe sita, wala hilo si kosa la mpiga chapa. Tarehe tano ilikuwapo, ila ilianza na kwisha bila kukutwa na macheo.

Siku katika kalenda hiyo huanza jua linapochomoza, si usiku wa manane. Tarehe, inayoitwa tithi, hupimwa kwa namna nyingine kabisa: ni muda ambao mwezi hutumia kuliacha jua kwa digrii 12 angani, na kwa kuwa duara zima lina digrii 360, kila mwezi mwandamo huwa na tithi 30. Mwezi hauizunguki dunia kwa mwendo mmoja. Ukiwa karibu huenda kasi, ukiwa mbali hupunguza. Kwa sababu hiyo tithi moja huweza kwisha kwa saa 20 hivi na nyingine ikakaribia saa 26, tena huweza kuanza saa yoyote, hata adhuhuri.

Siku hupewa tithi iliyopo jua linapochomoza. Tuseme jua limechomoza Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, tithi ya tano ikaanza nusu saa baadaye na kumalizika saa kumi alfajiri ya Jumanne: macheo ya Jumanne yatakuta tithi ya sita imekwisha kuingia. Tithi ndefu, kinyume chake, huweza kukutwa na macheo mawili, na siku mbili mfululizo zikawa na tarehe moja.

Sikukuu nazo zina kanuni zake. Mwaka 2024 tithi ya Diwali, ile ya mwezi kutoonekana, ilianza alasiri ya tarehe 31 Oktoba na kumalizika jioni ya tarehe 1 Novemba kwa saa za India. Kwa kuwa ibada ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, hufanywa baada ya jua kutua, wengi waliwasha taa tarehe 31, lakini wapo walioshika tarehe 1, na kila upande ulikuwa na panchanga ya kuutetea.

Ndani ya siku kipimo ni ghati, dakika 24, nazo ni 60 kutoka macheo hadi macheo. Zamani zilipimwa kwa bakuli la shaba lenye tundu dogo chini, lililowekwa lielee juu ya maji. Likizama, ghati moja imepita. Ghati mbili hufanya muhurta moja, na ni kwa muhurta ndipo huchaguliwa wakati wa kufunga ndoa au kuhamia nyumba mpya. Huko India Kusini wengi huepuka pia kuanza jambo katika rahu kalam, sehemu moja kati ya nane za mchana, ambayo Jumatatu ni ya pili: kama jua limechomoza saa kumi na mbili kamili na mchana una saa 12, huwa kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi. Macheo yakibadilika, nayo hubadilika, ndiyo maana panchanga ya Varanasi, kaskazini mwa India, haitumiki ilivyo Chennai, kusini, sembuse Mombasa.