Si kila gari linalopungukiwa maji linakula maji

Juzi nilikuwa Mwanjelwa, hapa Mbeya, nasubiri kubadilishiwa plagi, nikalisikia tena neno lile. Kijana mmoja mwenye gari dogo la zamani alisimama mlangoni mwa gereji akasema, "Shikamoo fundi. Gari yangu inakula maji." Fundi hakufungua hata boneti. "Marahaba. Hiyo gasketi imeungua, mwanangu. Itabidi tufungue hedi." Wakaanza kuzungumza bei ya kuvua hedi, yaani kichwa cha injini, na kubadili gasketi, kizibio kinachokaa chini yake. Mimi nilikuwa upande wa pili wa gari, natazama matone yakidondoka chini ya bampa ya mbele. Vumbi lilikuwa limeshalowa duara la ukubwa wa sahani.

Gari lile lilikuwa linavuja. Kilichotaka kumfungulia kijana hedi ni neno alilolitumia.

Maana yenyewe ni fupi. Gari linakula maji pale maji ya kupozea injini, au kulanti kwa anayeweka kulanti, yanapopenya mpaka ndani ya silinda, yakapitia moto pamoja na mafuta na kutokea kwenye eksozi. Njia yake huwa gasketi ya hedi iliyoungua, hedi iliyopinda au kupasuka, na mara chache ufa kwenye bloku. Basi. Maji yaliyotokea mahali pengine popote hayajaliwa.

Linalotuponza ni kitenzi chenyewe. Kula, kwa Kiswahili, ni neno lenye tumbo kubwa. Tunakula ugali, tunakula hasara, mzee amekula chumvi nyingi, kutu inakula bati. Gari nalo tukaliketisha mezani: linakula mafuta, linakula oili, linakula tairi upande mmoja. Lakini angalia oili, maana hapo mafundi wetu hawachanganyi hata kidogo. Oili ikidondoka kwenye sili ya krenki, watakwambia gari linavujisha oili. Ikipita kwenye ringi za pistoni ikatoka moshi wa bluu, watasema linakula oili. Ni maneno mawili kwa magonjwa mawili, na kila moja lina kazi yake na bei yake. Maji yalistahili heshima hiyohiyo. Nadhani yameikosa kwa sababu oili inanunuliwa kwa lita na maji yanachotwa bombani, kwa hiyo hakuna aliyejali kuuliza yanakwenda wapi. Yakipungua, yameliwa.

Kuvuja ni neno la chombo: paa, mtungi, mtumbwi. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Pakacha lile lenye tundu halijala kitu. Kilichopungua kiko njiani, na anayerudi nyuma atakiokota. Maji ya gari ni vivyo hivyo. Yaliyovuja huacha alama: chumvichumvi kwenye maungio ya rejeta, unyevu chini ya klipu ya hosi, zulia lililolowa upande wa abiria pale rejeta ndogo ya hita inapotoboka. Huku kwetu kwenye baridi hita tunaitumia kweli, kwa hiyo hilo la zulia msilipuuze. Kioo cha mbele kikipata ukungu wenye utelezi na ndani kukanuka utamutamu, anzia hapo.

Nayasema haya nikiwa nimeshalipia somo. Miaka kadhaa iliyopita nilisema maneno yaleyale ya yule kijana, hedi ya gari langu ikafunguliwa, ikapelekwa kusagwa, ikafungwa na gasketi mpya. Wiki ya pili maji yakapungua kama zamani. Fundi mwingine, mzee wa Uyole, alilala chali chini ya gari na tochi, akaniita nami nijilaze kando yake. Akanionyesha tundu dogo chini ya pampu ya maji, limezungukwa na ukoko wa kijani uliokauka kama magadi. Tundu hilo huwekwa kiwandani makusudi: sili ya ndani ya pampu ikichoka, maji yatokee pale yasiende kuua beringi. Langu lilikuwa likidondosha injini ikiwa ya moto tu, na joto likiyakausha kabla hayajafika chini. Kila asubuhi nilikuta sakafu kavu, nikaamini yanaliwa.

Kati ya kula na kuvuja kuna neno la tatu ambalo tumeliachia sufuria, nalo ni kufoka. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji ya kwenye sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayangoji 100. Injini nayo hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kinachoyatuliza maji ni kifuniko cha rejeta, kile ambacho juu yake pameandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ndiyo presha kinayoishikilia kabla ya kuachia. Kifuniko kizima cha 0.9 huyafanya maji, hata hapa Mbeya, yasichemke mpaka karibu na nyuzi 115. Mpira wake ukikakamaa au springi ikilegea, unabaki na sufuria iliyo wazi. Panda mlima Kitonga na abiria wanne na mizigo, maji yatafoka, yatajaza chupa ya akiba na kumwagika barabarani huku wewe ukikazana na gia. Ukifika nyumbani gari halidondoshi hata tone, na asubuhi maji ya rejeta yamepungua. Hapo pia utasikia kwamba linakula maji, na kumbe dawa yake ilikuwa kifuniko kipya.

Kuna na dalili zinazotudanganya kwa sababu ya hali ya hewa yetu. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi, karibu kila gari linalotoka Igawilo hutoa mvuke mweupe kwenye eksozi. Petroli ikiungua hutoa maji pia, na baridi huyafanya yaonekane. Mvuke huo hupotea injini ikishapata joto. Wa kuogopwa ni ule usiokoma hata baada ya kilomita kumi, unaobaki hewani na kunukia kulanti. Hali kadhalika ule ute mweupe chini ya kifuniko cha oili. Gari linalokwenda sokoni na kurudi tu kwenye baridi linaweza kuupata bila gasketi kuwa na kosa. Ute huo ukiukuta kwenye stiki ya oili, hapo simama.

Na gari linalokula kweli halifichi. Injini ikiwa baridi, na narudia, ikiwa baridi, kwa sababu rejeta ya moto ikifunguliwa humbabua mtu usoni, toa kifuniko uwashe. Mapovu yakipanda mfululizo bila kukoma, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Au hosi ya juu inakuwa ngumu kama fimbo ndani ya dakika moja ya kuwasha. Au ukitoa plagi unakuta tatu zina rangi ya udongo na moja imeoshwa safi kama mpya. Hiyo moja ndiyo mdomo unaokula. Dalili hizi zikikosekana, kabla ya hedi kuguswa omba kwanza rejeta ijazwe presha kwa pampu ya kupimia, iachwe robo saa. Penye tundu patajionyesha penyewe.

Yule kijana nilimvuta pembeni kabla hajatoa hela ya kuanzia. Nikamwambia, "Mdogo wangu, usimwambie fundi gari inakula maji. Mwambie maji yanapungua, yanapungua kiasi gani kwa siku ngapi, halafu mwache atafute yanakopita." Akaniuliza kama kuna tofauti. Tukachuchumaa wote wawili mbele ya bampa, akakinga kiganja, tone likadondokea humo.