Pesa za Mfuko wa Vyama: kwa nini hazimfikii mgombea

Mkenya akisikia kwamba serikali huvipa vyama vya siasa pesa kila mwaka, hudhani mgombea wa chama naye ana fungu lake humo. Hana. Pesa zinaishia makao makuu ya chama, na zinakuja kwa hesabu ya uchaguzi uliopita. Gharama inayommaliza mgombea iko kwenye uchaguzi ujao, tena huanzia kwenye mchujo wa chama. Katika pengo hilo ndipo tajiri anapoingia, na akishaingia hatoki.

Mfuko wa Vyama vya Siasa umo katika Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011, inayotaka uwekewe angalau asilimia 0.3 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa. Kinachotoka Hazina ya Taifa kimekuwa chini sana ya hapo mwaka nenda mwaka rudi, hata chama cha ODM kikaenda mahakamani kudai malimbikizo yake, na mahakama ikakubaliana nacho.

Mgawo ulibadilishwa 2022. Asilimia 70 hufuata kura ambazo chama kilipata, 15 hufuata idadi ya waliochaguliwa kutoka makundi maalum, 10 hufuata idadi ya viongozi wote wa chama waliochaguliwa, na 5 hubaki kuuendesha Mfuko wenyewe. Kura zinazohesabiwa si za urais peke yake. Hujumlishwa na za ugavana, useneta, mwakilishi wa wanawake, ubunge na wadi. Kwa hiyo hata mgombea aliyeshindwa vibaya amekiletea chama chake kitu, na ndiyo sababu moja ya vyama kusimamisha watu mahali ambapo havina tamaa ya kiti. Kura ya mgombea huru haimletei mtu hata senti. Chama kilichoanzishwa baada ya uchaguzi nacho kinasubiri mpaka uchaguzi mwingine upite.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme Mfuko una shilingi bilioni 1 kwa mwaka. Sehemu ya kura ni milioni 700. Chama chenye asilimia 12 ya kura kinapata milioni 84 hapo. Sheria inakitaka kitumie angalau asilimia 30 ya pesa hizo kuinua uwakilishi wa wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na jamii zilizotengwa: milioni 25.2. Gharama za ofisi na mishahara zisizidi asilimia 30 nyingine: milioni 25.2. Ofisi ikimaliza fungu lake lote, kama ofisi zilivyo, inabaki milioni 33.6 kwa siasa yenyewe, nchi nzima. Kenya ina wadi 1,450. Gawanya: ni kama shilingi 23,000 kwa wadi kwa mwaka mzima. Kodi hema, viti na spika kwa mkutano mmoja, kisha uone kinachobaki.

Sasa tazama mawakala. Uchaguzi wa 2022 ulikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura. Wakala ndiye anayekaa kituoni tangu kabla ya alfajiri hadi kura zihesabiwe usiku, atie sahihi fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais kituoni, na aondoke na nakala yake. Chama kisipokuwa na nakala hizo, hakina la kuonyesha matokeo yakibishaniwa. Ukimpa kila wakala shilingi 1,000 tu ya chakula na nauli, umetumia milioni 46.2. Hiyo peke yake inazidi ile milioni 33.6. Mgombea anapoambiwa "mawakala wa eneo lako ni juu yako", anakwenda kutafuta pesa kwa mtu mwenye nazo, na mtu huyo anakumbuka.

Sheria iliona hatari hii, ila kamba zake zina mafundo yasiyokaza. Inakataza mtu au taasisi kukichangia chama kwa mwaka zaidi ya asilimia 5 ya matumizi yote ya chama. Lakini kikomo hicho kinahusu chama. Anayemkabidhi mgombea gari lenye tangi lililojaa mafuta hajakigusa.

Harambee nazo zimepigwa marufuku kwa anayetaka kugombea, kuanzia miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu. Kinachofanyika ni bahasha kupitia mkono mwingine. Jamaa anasimama kanisani au kwenye matanga, anasema "mheshimiwa hakuweza kufika, ila amenituma", na kila aliyeketi pale anajua ni mheshimiwa gani.

Kuhusu kikomo cha matumizi, sheria ipo tangu 2013: Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi. Iliwekwa kando uchaguzi wa 2017 ukafanyika. Agosti 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, ikatangaza vikomo, mgombea urais akipangiwa takriban shilingi bilioni 4.4. Bunge la Kitaifa likakataa kanuni zake, na 2022 kila mtu akatumia alichoweza. Walioulizwa kama wapunguziwe mkono ndio walewale wenye mkono mrefu.

Mimi ningeanzia kwingine, kwenye michango midogo. Jiji la New York huongeza dola 8 za umma kwa kila dola 1 ya mchango mdogo wa mkazi, hadi kiwango fulani, kwa mgombea aliyekubali masharti ya matumizi na ukaguzi. Kenya ina nyenzo bora ya kazi hiyo, kwa sababu mchango wa shilingi 200 kwa M-Pesa unaacha jina, saa na namba ya muamala. Sehemu ya Mfuko ikielekezwa huko, hata kwenye mchujo, mwalimu wa kijijini mwenye watu elfu mbili nyuma yake atasimama bila kumpigia magoti mwenye kandarasi.

Kwa sasa, soma hesabu. Kila chama kinatakiwa kuchapisha vyanzo vya pesa zake na matumizi ndani ya siku 90 baada ya mwaka wa fedha, yaani kufikia mwisho wa Septemba. Anza na mstari wa michango ya wanachama na wafuasi. Ukiukuta na jumla moja nono isiyo na mchanganuo, mwandikie Msajili wa Vyama vya Siasa ukitaja mwaka, mstari na kiasi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Uchaguzi mkuu ni 10 Agosti 2027, na sheria inataka vikomo vya matumizi ya kampeni vitangazwe angalau miezi 12 kabla. Tarehe ya kushika ni 10 Agosti 2026, na mahali pa kutazama ni Gazeti Rasmi la Serikali.