Mchango wa kumbukumbu si ubani

Mara tatu mwaka huu nimekaa matangani hapa Mombasa nikamsikia msemaji wa familia akitangaza kwamba, kwa kuwa marehemu alitunzwa na wauguzi wa hospisi mpaka siku yake ya mwisho, ubani wote utapelekwa hospisi. Nia ya tangazo hilo ni njema. Neno lililotumika ndilo lisilofaa, na madhara yake niliyaona mara ya tatu, pale majirani waliokuja na mkono wa pole kwa mjane walipobaki wakiulizana kwa sauti ya chini kama mkono huo sasa ni wa mjane au ni wa wagonjwa wasiowajua, na wawili miongoni mwao wakaondoka na bahasha zao mfukoni.

Mchango wa kumbukumbu ni mali inayotolewa kwa jina la aliyefariki ili iwafae watu wengine walio hai. Ubani ni mali anayopewa mfiwa. Hospisi, kwa wasioifahamu, ni huduma ya kumtuliza maumivu mgonjwa ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona, pamoja na kuwashika mkono wanaomuuguza.

Neno ubani linastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu anayelijua asili yake hawezi kulitumia ovyo. Kwa Kiarabu ni luban, neno lenye shina moja na laban, yaani maziwa, kwa sababu utomvu wa mti huo hutoka mweupe gome linapochanjwa. Miti yenyewe humea Dhofar, kusini mwa Omani, na kaskazini mwa Somalia, na utomvu wake ulifika pwani yetu kwa majahazi yaliyosukumwa na kaskazi. Waswahili walipolipokea neno hilo sauti ya mwanzo ilianguka, u iliyobaki ikasikika kama kiambishi cha kwetu, na ndiyo maana leo tunasema ubani umefika na ubani wake, utadhani neno lilizaliwa Lamu.

Ubani ulifukizwa chetezoni katika nyumba yenye msiba, na aliyekuja kuhani, yaani kutoa pole, alileta chochote cha kusaidia kuununua. Taratibu jina likahama kutoka kwenye kinachofukizwa hadi kwenye fedha. Lugha yetu ina desturi hiyo: mkaja ulikuwa nguo ya kufungwa tumboni na mzazi kabla ya kuwa haki ya mama wa bibi harusi, na kilemba kilikuwa nguo ya kichwani kabla ya kuwa malipo. Lakini katika kuhama huko mpokeaji hakubadilika. Mkaja ni wa mama, na ubani ni wa nyumba yenye msiba. Mjane Mwislamu anakaa eda miezi 4 na siku 10, na mara nyingi ubani ndio unga wake na mafuta yake ya taa katika siku hizo. Kuutangaza kuwa ni wa hospisi kabla haujamfikia ni kutoa kisicho chako, hata kama unakitoa pahali pema. Ukimfikia, kisha yeye mwenyewe akapenda kuchota sehemu awapelekee wagonjwa, hapo sehemu hiyo imekuwa mchango wa kumbukumbu, na wa kwake.

Nimesema kumbukumbu, wala sikusema ukumbusho, ingawa wengi huyachanganya maneno haya mawili. Ukumbusho umetokana na kukumbusha: ni kitu kinachowekwa ili wengine wakumbushwe, kama jiwe la kaburi au jina lililochongwa ukutani. Kumbukumbu hukaa kwa yule anayekumbuka. Hospisi nyingi za kwetu hazina hata vitanda vya kulaza; muuguzi humfuata mgonjwa nyumbani, na fedha inayochangwa huishia katika petroli, glavu, bandeji na chupa ya mofini ya kunywa, dawa ya kutuliza maumivu makali. Hakuna pa kuandika jina la marehemu juu ya vitu hivyo, na mchango haupungukiwi na kitu kwa kukosa maandishi.

Upo pia mfano ambao hutajwa mahali pasipo pake. David Tasma, mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Poland, alifariki London mwaka 1948 baada ya kumwachia Cicely Saunders, mwanzilishi wa hospisi za kisasa, pauni 500 ziwe dirisha katika nyumba ya wagonjwa aliyokusudia kuijenga, na nyumba hiyo, St Christopher's, ilifunguliwa mwaka 1967. Habari hiyo hunigusa kila niikumbukapo, lakini ule ulikuwa wasia, kwa maana mwenye mali alisema mwenyewe akiwa hai mali yake iende wapi. Mfano ulio karibu zaidi na tunachokizungumza, na ulio karibu na kwetu, ni wa Maureen Butterfield, mama aliyefiwa na binti yake kwa saratani, na mwaka 1979 akaanzisha Island Hospice katika mji ambao leo ni Harare, ili familia nyingine zisiachwe peke yao. Yeye ndiye aliyebaki, yeye ndiye aliyekumbuka, na waliofaidika ni watu ambao binti yake hakuwajua. Hospisi ya Nairobi, ya kwanza nchini Kenya, ilikuja mwaka 1990, na kwa hiyo si ajabu kwamba jambo lenyewe limetufikia kabla hatujakubaliana namna ya kuliita.

Basi ndugu utakayesimama kutangaza, usiache kuwataja wagonjwa wa hospisi, maana wanahitaji kutajwa. Tenganisha tu. Sema kwamba ubani unapokelewa ndani na shangazi, na kwamba anayependa kumkumbuka marehemu kwa kuwachangia wagonjwa kama yeye, daftari jingine liko mlangoni, na atoe leo au hata baada ya arobaini.