Kreatinini yako "iko sawa". Sawa kwa nani?

Hii nimeichoka. Mtu ananionyesha simu, picha ya karatasi ya maabara imepigwa kimshazari, kidole kimekaa juu ya mstari mmoja. "Daktari, si unaona? Kreatinini 100. Iko ndani ya kiwango. Figo zangu ni nzima." Kwanza mimi si daktari, ni mtu wa maabara hapa Kisumu, ila ukishavaa koti jeupe hakuna anayetaka maelezo hayo. Pili, karatasi haikusema hivyo. Ilisema namba yako imeangukia kati ya namba mbili zilizochapwa pembeni. Basi.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Mwenye misuli mingi huitoa kwa wingi, aliyekonda hutoa kidogo, na figo ndizo huiondoa kwenye damu. Mashine yangu huona kilichobaki tu. Haijui kama kimebaki kidogo kwa sababu figo zinachapa kazi, au kwa sababu mwenyewe hana misuli ya kutosha kutengeneza nyingi.

Chukua kijana wa miaka 25 anayepakua saruji Kondele, na nyanya wa miaka 72 kutoka Seme ambaye mkono wake nikiufunga mpira unazunguka mara mbili. Wote wamepata 100 (mikromoli kwa lita). Tia umri na jinsia kwenye fomula ya 2021 inayokadiria kasi ya figo kuchuja damu, yaani eGFR: kijana anapata 92 hivi, nyanya anapata kama 52. Chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu tunauita ugonjwa sugu wa figo. Lakini maabara nyingi huchapa kiwango kimoja kwa watu wazima wote, kinachofika 110 au zaidi, kwa hivyo karatasi ya nyanya haina nyota wala herufi nzito. Anaambiwa yuko sawa, anarudi nyumbani na diklofenaki ya magoti, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, asubuhi na jioni. Hapo ndipo damu yangu inachemka, maana hiyo dawa ndiyo hasa mtu mwenye 52 hakupaswa kupewa kama peremende.

Tena kreatinini ni mvivu wa kupanda. Figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake kabla namba haijavuka kiwango. Aliyekuwa na 60 mwaka juzi na leo ana 105 amepoteza theluthi nzima ya uchujaji, pengine zaidi, na karatasi zote mbili zinasema "sawa". Ndiyo maana nawasumbua watu watunze karatasi za zamani. Na mpimwe palepale mlipopimiwa mwanzo, ikiwezekana. Maabara nyingi bado hutumia njia ya Jaffe ya mwaka 1886, ile ya asidi ya pikriki, kwa sababu ni rahisi kwa bei. Njia hiyo hudanganywa na ketoni za mgonjwa wa sukari, na bilirubini ya mwenye macho ya manjano, na hata baadhi ya antibiotiki. Njia ya vimeng'enya ni safi zaidi lakini ni ghali. Kulinganisha 88 ya maabara hii na 99 ya maabara ile ni sawa na kulinganisha gorogoro mbili, ile mikebe ya kupimia nafaka, za soko la Kibuye wakati moja imebondwa kitako.

Sasa na hiyo eGFR msiishike kama Biblia. Ni makadirio. Fomula ya zamani ya MDRD ilikuwa inazidisha jibu kwa 1.212 ukiwa Mmarekani mweusi, na sisi huku tukaikopa na kizidisho chake bila kuuliza huyo Mmarekani anafanana vipi na mvuvi wa Dunga. Mwaka 2021 kizidisho cha rangi kikaondolewa. Vizuri. Lakini watafiti walipopima uchujaji wenyewe kwa watu wa Malawi, Afrika Kusini na Uganda, wakachapisha matokeo mwaka 2022, waliona fomula za kreatinini zinatupendelea: zinatoa namba nzuri kuliko ukweli. Kwa hivyo hiyo 52 ya nyanya yetu inaweza kuwa chini zaidi. Kipimo kingine cha damu, sistatini C, kingesaidia, kwa kuwa hakitegemei sana misuli, ila ni maabara chache hapa zilizo nacho. Mimi naandika 52, nasaini, na moyoni sina uhakika nayo.

"Mgongo unauma, ni figo." Hilo nitalipitia mbio. Maumivu ya kiuno mara nyingi ni kiuno. Figo zinazokufa polepole kwa presha au sukari haziumi.

"Lakini nakojoa vizuri." Najua. Figo mbovu zinaweza kukojoza sana, hasa usiku, kwa sababu zimeshindwa kuukoleza mkojo. Wingi wa maji haukuambii taka imetoka. Ukitaka mkojo uongee, acha upimwe albumini, protini inayovuja figo zikiumia. Hiki ndicho kipimo kinachosahaulika, na huonyesha madhara ya sukari na presha mapema kuliko kreatinini. Wajanja hunywa chupa mbili za maji kabla ya kuja ili "wasafishe majibu". Ndiyo maana tunapima albumini na kreatinini ya mkojo huohuo na kugawanya: ukiuzimua, vyote viwili vinazimuka. Miligramu 30 za albumini kwa kila gramu ya kreatinini au zaidi, ikijirudia kwa miezi mitatu, ni ugonjwa hata kama kreatinini ya damu inapendeza. Kijiti cha kuchovya ni bora kuliko kukaa bure, lakini albumini kidogo huipita.

Kuna kundi ambalo mimi mwenyewe hunifanya nikune kichwa, nalo ni kubwa upande huu wetu: wanaotumia dawa za HIV. Wengi wako kwenye mchanganyiko wa tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Dolutegravir huzuia figo kutoa kreatinini kupitia mirija, kwa hivyo namba hupanda kidogo wiki za kwanza na uchujaji haujaguswa. Septrin nayo hufanya hivyohivyo. Lakini tenofovir inaweza kuumiza figo kwelikweli. Sasa mtu anatoka 80 kwenda 95 ndani ya mwezi: ni dolutegravir inayotudanganya, au ni tenofovir inayoharibu? Kwa kipimo kimoja siwezi kusema, wala anayekuambia anajua kwa kuitazama tu karatasi hajui. Rudia, na upime mkojo. Ikitulia, vizuri. Ikiendelea kupanda, rudi kliniki upesi. Ila usiache dawa kwa sababu ya blogu yangu.

Wenye selimundu nao wasidanganyike na kreatinini ndogo. Figo zao mwanzoni huchuja kupita kiasi, na misuli yao mara nyingi ni haba. Namba inang'aa huku albumini tayari inavuja.

Yurea, ile taka nyingine kwenye karatasi yako? Huenda juu ukikosa maji, ukivuja damu tumboni, ukila protini nyingi. Pekee yake sina habari nayo.

Potasiamu ikizidi kwenye damu ndiyo inaua, kwa hiyo inastahili heshima, na ndiyo tunaiharibu zaidi. Damu inavutwa zahanati kwa sindano nyembamba, inasukumwa kwa nguvu ndani ya chupa, inapanda pikipiki kwa muda wa saa tatu juani. Ikinifikia naizungusha, na seramu badala ya kuwa ya manjano imekuwa nyekundu: chembe zimepasuka na kumwaga potasiamu yake. Nikisoma 6.9 hapo, si ya mgonjwa. Mbaya zaidi ni anayeona chupa ya kifuniko chekundu haijajaa akamiminia damu ya ile ya kifuniko cha zambarau juu yake. Zambarau ina EDTA ya potasiamu, ya kuzuia damu isigande. Majibu yanakuja potasiamu 11, kalsiamu karibu hakuna. Mwenye damu hiyo angekuwa mochari, naye yuko nje ya dirisha langu anapiga bei ya mahindi choma. Tukikuita urudie, usinune.

Na hapana, kwa kreatinini huhitaji kuja na njaa. Chai na mandazi havinisumbui. Kilo ya nyama choma uliyomaliza jana usiku ndiyo itanisumbua, kwa sababu nyama iliyopikwa huingiza kreatinini yake kwenye damu yako. Ukiwa umeila, niambie kabla sijakuchoma sindano, uje kesho kutwa.