Akina Johnson wa Quebec: Familia Moja, Mawaziri Wakuu Watatu, Vyama Vitatu

Kati ya mwaka 1966 na 1994, jimbo la Quebec nchini Kanada liliongozwa kwa nyakati tofauti na watu watatu wa familia moja: Daniel Johnson baba, kisha Pierre Marc, mwanawe mdogo, na hatimaye mwanawe mkubwa, ambaye naye anaitwa Daniel. Kila mmoja aliongoza kwa tiketi ya chama chake, na vyama hivyo vilikuwa mahasimu. Baba alikuwa wa Union Nationale, chama cha kihafidhina chenye mizizi vijijini. Pierre Marc alikuwa wa Parti Québécois, chama kinachotaka Quebec iwe nchi huru. Na Daniel mwana alikuwa wa Chama cha Kiliberali, mtetezi mkuu wa kubaki ndani ya Kanada. Wananchi wanapoona jina la ukoo mmoja likijirudia madarakani huamini upesi kwamba kiti kimerithishwa. Kwa akina Johnson imani hiyo haina msingi, na sababu zake zinastahili kuelezwa kwa kina, kwa kuwa zinaonyesha jinsi serikali ya jimbo inavyopatikana katika nchi hiyo.

Waziri mkuu wa jimbo hapigiwi kura na wananchi wa jimbo zima, kama gavana wa kaunti anavyopigiwa nchini Kenya. Wapiga kura wa kila eneo bunge humchagua mbunge wao, na anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi hata kama hakufikia nusu ya kura zote. Kiongozi wa chama kinachoungwa mkono na wabunge walio wengi ndiye anayeitwa kuunda serikali. Waziri mkuu akifariki dunia au akijiuzulu katikati ya muhula, chama tawala hujichagulia kiongozi mwingine, naye huingia madarakani bila uchaguzi mkuu kuitishwa. Wana wote wawili wa Johnson waliupata uwaziri mkuu kwa njia hii ya pili. Baba peke yake ndiye aliyeupata kwa kushinda uchaguzi.

Ushindi wake wenyewe ulikuwa wa aina yake. Daniel Johnson alizaliwa mwaka 1915 katika mji mdogo wa Danville, akasomea sheria, akaingia bungeni mwaka 1946 kuwakilisha eneo la Bagot, ambalo hakulipoteza hadi kifo chake. Mwaka 1962 alishindwa vibaya na Waliberali wa Jean Lesage, ambao wakati huo walikuwa wakitaifisha kampuni binafsi za umeme na kuyabadilisha mambo mengi jimboni. Miaka minne baadaye alirudi kwa mkakati tofauti: badala ya kutawanya nguvu zake jimbo zima, alizielekeza katika maeneo ya vijijini na ya miji midogo, yaliyokuwa na wapiga kura wachache lakini viti vingi. Tarehe 5 Juni 1966, Union Nationale ilipata karibu asilimia 41 ya kura na viti 56 kati ya 108, ilhali Waliberali walipata zaidi ya asilimia 47 wakaambulia viti 50. Kura za Waliberali zilikuwa zimerundikana Montreal, mahali ambapo kura ya ziada haikuleta kiti cha ziada.

Wengi walitarajia kwamba serikali hiyo ingeyabomoa yaliyojengwa na Lesage. Haikufanya hivyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ukubwa wa Johnson baba. Mwaka 1967 serikali yake ilianzisha vyuo vya umma vinavyoitwa cégep, ambavyo humpokea kijana anayetoka sekondari kabla ya kwenda chuo kikuu au kuingia kazini, na ambamo mkazi wa Quebec anayesoma kwa muda wote hadi leo halipi ada ya masomo. Kuhusu nafasi ya Quebec katika Kanada, alikuwa ametangaza tangu mwaka 1965 kauli iliyoshika: usawa au uhuru. Alitaka katiba mpya itakayowatambua Wakanada wanaozungumza Kifaransa kuwa taifa lenye hadhi sawa na wenzao wa Kiingereza. Na ikiwa usawa huo ungekataliwa, uhuru ungebaki kuwa njia iliyo wazi. Kauli hiyo iliwavutia watu wa pande zote mbili, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni neno lipi kati ya hayo mawili alilolikusudia zaidi.

Jioni ya tarehe 25 Septemba 1968 alikuwa Manic-5, kwenye bwawa kubwa la umeme lenye kimo cha mita 214 lililojengwa kuzuia mto Manicouagan, tayari kulizindua kesho yake. Ipo picha mashuhuri ya jioni hiyo inayomwonyesha akiwa ameshikana mikono na wapinzani wake wawili: Jean Lesage, kiongozi wa Waliberali, na René Lévesque, waziri wa zamani wa Lesage aliyekuwa ameuongoza utaifishaji wa umeme, na ambaye wiki chache baadaye angekuwa kiongozi wa Parti Québécois iliyokuwa ikiundwa. Asubuhi Johnson alikutwa amefariki kitandani, uzinduzi ukaahirishwa, na bwawa likapewa jina lake. Union Nationale iliyumba baada yake na haikuongoza tena jimbo baada ya mwaka 1970. Wanawe walipofikia umri wa siasa, chama cha baba kilikuwa kinakufa. Walichoweza kukichagua kilikuwa ni vyama vya wale wawili waliosimama naye pale bwawani.

Pierre Marc, daktari na mwanasheria, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 1976, Parti Québécois ilipoingia madarakani kwa mara ya kwanza. Daniel mwana, aliyetoka katika ulimwengu wa biashara, aliingia bungeni mwaka 1981 kwa upande wa Waliberali. Kwa miaka kadhaa ndugu hao wa tumbo moja walikaa katika ukumbi mmoja wakitazamana kutoka safu zinazopingana. Lévesque alipojiuzulu mwaka 1985, wanachama wa Parti Québécois walimchagua Pierre Marc kuwa kiongozi, akaapishwa tarehe 3 Oktoba. Alipendekeza suala la uhuru liwekwe kando kwa muda na Quebec ijiimarishe ndani ya Kanada, msimamo unaofanana sana na ule wa baba yake. Tarehe 2 Desemba Waliberali walichukua viti 99 kati ya 122. Pierre Marc akawa kiongozi wa upinzani, na kaka yake akawa waziri katika serikali aliyopaswa kuipinga.

Daniel alipata zamu yake tarehe 11 Januari 1994, baada ya waziri mkuu wa Kiliberali, Robert Bourassa, kung'atuka, na katika kinyang'anyiro cha uongozi wa chama hakuwa na mpinzani. Uchaguzi wa Septemba mwaka huo uliugeuza ule wa 1966: Parti Québécois ilipata asilimia 44.75 ya kura, Waliberali asilimia 44.40, lakini viti vikawa 77 kwa 47. Mfumo uleule uliompa baba serikali akiwa na kura chache ulimnyima mwana serikali akiwa na kura zilizokaribia kulingana. Aliondoka madarakani tarehe 26 Septemba, siku aliyofariki baba yake miaka 26 nyuma. Mwaka uliofuata, akiwa kiongozi wa upinzani, aliongoza kambi ya «Hapana» katika kura ya maoni ya tarehe 30 Oktoba 1995 kuhusu uhuru, kambi iliyoshinda kwa tofauti ya kura 54,288 tu.

Ukiyapanga maisha ya watatu hao pamoja, utaona kwamba baba hakuwaachia wanawe chama wala kiti, bali swali: usawa au uhuru? Pierre Marc alijaribu kuliahirisha. Daniel alilijibu kwa kuchagua Kanada. Majina yao yaliwafungulia njia ya kusikilizwa, lakini serikali ziliamuliwa na wanachama wa vyama na jinsi kura zilivyotawanyika katika maeneo bunge. Utaratibu huo wa kugawa viti haujabadilishwa: mwaka 2022 chama cha Coalition Avenir Québec kilipata viti 90 kati ya 125 kwa takribani asilimia 41 ya kura, kiwango kilekile kilichompa Daniel Johnson baba wingi mwembamba wa viti mwaka 1966.