Udhibiti wa mtiririko haulindi simu za mtandaoni

Wengi huwasha udhibiti wa mtiririko (flow control, yaani kifaa kilichozidiwa kuomba data isimame kwa muda) kwenye kila poti ya swichi ya mtandao wakidhani sauti haitakatika tena. Matokeo huwa kinyume. Fremu ya kusitisha ya 802.3x, yaani ujumbe wa Ethernet unaobeba ombi hilo, haijui kipaumbele: seva moja iliyozidiwa ikiituma, swichi huacha kupeleka chochote kwenye poti ya seva hiyo, sauti na faili pamoja. Kwa kasi ya 1 Gbps, fremu moja yaweza kusitisha hadi takriban milisekunde 33, na bafa (hifadhi ya muda ya swichi) ikijaa msongamano hurudi kwa poti nyingine.

Uzime udhibiti huo. Poti za simu ziamini DSCP 46, alama ya kipaumbele ya pakiti za sauti (za kompyuta zisiamini, maana programu yoyote hujipachika alama hiyo), kisha sauti ipate foleni ya kipaumbele kamili, inayotangulizwa daima, lakini yenye kikomo, la sivyo foleni nyingine hazitapata zamu. Mitandao ya hifadhi ya data isiyovumilia upotevu hutumia kiwango cha 802.1Qbb, kinachositisha data ya kipaumbele kimoja tu.