"Pointi moja kwa dakika": maana ya jina la timu ya Michigan ya 1901

Anayesoma historia ya futiboli ya Marekani, ile ya kubeba mpira wa yai na kukabana kwa mabega, hukutana mapema na timu iliyopewa jina la "pointi moja kwa dakika". Ni timu ya Chuo Kikuu cha Michigan chini ya kocha Fielding Yost, kuanzia msimu wa 1901. Msimu huo walicheza mechi 11, wakashinda zote, wakakusanya pointi 550. Wapinzani wao wote kwa jumla: sifuri.

Ukipiga hesabu, jina limetiwa chumvi. Mechi kamili wakati ule ilifika dakika 70, na wastani wao ulikuwa pointi 50 kwa mechi. Jina lilisifu kasi. Yost alitaka wachezaji wajipange upya mara tu mwenzao anapoangushwa, kabla adui hajavuta pumzi.

Pointi zenyewe hazikuwa za bei ya leo. Kufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa adui kulileta pointi 5, si 6, na mkwaju wa nyongeza ukaleta 1. Kurusha mpira mbele kwa mkono kulikatazwa. Timu ilipewa majaribio matatu ya kusogea yadi 5, kwa hiyo kazi ilikuwa kukimbia na kusukumana, na hapo mkimbiaji kama Willie Heston, aliyemfuata Yost kutoka California, alikuwa hazina. Tena vyuo havikulingana hata kidogo. Buffalo walichapwa 128 kwa 0, matokeo ya chandimu pale wakubwa wanapowaonea wadogo. Mimi ushindi wa namna hiyo siuhesabu sana.

Kinachonishawishi zaidi ni mechi ya Pasadena, mji wa California, Januari 1, 1902, ambayo leo inahesabiwa kuwa Rose Bowl ya kwanza, ile mechi maarufu ya vyuo ya Mwaka Mpya. Mpinzani alikuwa Stanford, timu ambayo Yost mwenyewe aliifundisha mwaka 1900. Michigan walimaliza na wachezaji wale wale 11 walioanza, bila kubadilisha hata mmoja. Neil Snow peke yake alivuka mstari mara tano. Ilipofika 49 kwa 0, zikiwa zimebaki dakika 8, Stanford wakaomba mchezo uishie hapo. Waandaaji nao hawakuirudisha futiboli kwenye sherehe zao za Mwaka Mpya hadi 1916. Katikati walijaribu hata mbio za magari ya kukokotwa na farasi.

Jina liliendelea kutumika hadi 1905. Katika misimu hiyo mitano Michigan walipata pointi 2,821 na kuruhusu 42 tu, wakatoka sare mara moja, na Minnesota, mwaka 1903. Waliowafunga hatimaye ni Chicago, katika mechi ya mwisho ya 1905, kwa pointi 2 kwa 0. Mwaka 1906 kanuni zikabadilishwa: kurusha mpira mbele kukaruhusiwa, na yadi 5 zikawa 10.